Mama Tanki na Landilodi Wake

Vijana wa kikundi chetu cha maigizo hapa Kitengela wamenisimamisha mlangoni mara nyingi tangu nistaafu. "Mama Tanki, ulianzaje?" wananiuliza. Nikifungua mdomo, mmoja anaitwa kwenye simu, wa pili anakumbuka kuna gari linamsubiri. Kwa hiyo nimeketi niandike, maana angalau karatasi haiwezi kukimbilia gari. Mambo ya vyeo na mishahara nitayaruka. Cheo kikubwa nilichowahi kupata katika televisheni ni kiti chenye mgongo, na hata hicho kila nikifika nilikuwa nakikuta kimekaliwa.

Jina langu ni Wavinya. Baba yangu alitoka Machakos akaja kufanya kazi kiwandani Athi River. Mimi nilipoolewa na Musyoka tukahamia Kitengela, wakati ule mji wenyewe ni maduka machache kando ya barabara ya kwenda Namanga na nyumbu wanakula nyasi nyuma ya choo chako. Kazi yangu ilikuwa kushona. Nilishona yunifomu za shule Januari, na Desemba nikashona mapazia, kwa sababu hakuna Mkamba anayetaka shemeji zake wamkute na pazia la mwaka jana.

Uigizaji niliujua kanisani tu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini tuliigiza kuzaliwa kwa Yesu, nami nikapewa nafasi ya mke wa mwenye nyumba ya wageni. Kazi yangu ilikuwa kufungua mlango, kusema "Hakuna nafasi," na kuufunga. Siku yenyewe nilipofungua, Yusufu, ambaye alikuwa mweka hazina wa kanisa, akasahau maneno yake. Akabaki ananitazama. Mariamu anamtazama yeye. Nikaona heri niseme kitu.

"Baba, huyu mama yuko karibu kujifungua?"

"Sijui," akasema Yusufu, na kusema kweli hakujua.

"Hujui? Na umemtoa Nazareti juu ya punda? Mko na blanketi? Maji moto? Mama ya mtoto, ingia ndani ukae. Huyu bwana yako atalala na punda waelewane."

Watu walivunjika mbavu. Pasta hakucheka sana, kwa sababu Yesu sasa alikuwa karibu kuzaliwa ndani ya nyumba, kinyume na Maandiko, na ilibidi apande jukwaani mwenyewe kumtoa Mariamu nje.

Siku hiyo kanisani alikuwepo mgeni mmoja, Bwana Gitau, aliyekuja kumtembelea dada yake. Alikuwa mwelekezaji wa vipindi katika kituo kimoja cha televisheni Nairobi. Alinifuata kwenye chai akaniuliza kama yale maneno yalikuwa yameandikwa. Nikamwambia hapana, yaliniponyoka. Akasema anatafuta mwanamke wa kuigiza msimamizi wa nyumba za kupanga, mkali, mwenye ufunguo wa tanki la maji, na angependa yamponyoke kila wiki.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye kipindi cha Mama Tanki. Kilihusu ploti moja ya kupanga Kitengela, yenye wapangaji wengi na tanki moja. Mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo. Landilodi aliwaogopa wapangaji wake hivi kwamba hakuthubutu kuwasalimia bila mimi kutangulia.

Siku yangu ya kwanza niliiharibu. Niliambiwa nisiitazame kamera, nikaitazama. Nikaambiwa tena, nikaisalimia. Nilipoacha kuitazama nikaanza kukunja uso, kutoa macho, kupiga magoti, kila kitu nilichofikiri kinachekesha. Hakuna aliyecheka. Hata kijana wa taa, ambaye alicheka akiona mtu amejikwaa, alikuwa anaangalia waya zake.

Aliyeniokoa ni yule aliyeigiza landilodi. Aliitwa Mzee Koinet. Kwa Kimaasai, Koinet ni mtu mrefu. Huyu alinifika begani, na alisema wazazi wake walikuwa watu wa matumaini. Kabla ya televisheni alikuwa dalali wa mbuzi katika soko la Kiserian, na hata baada ya televisheni hakuacha. Sauti yake ilitoka sokoni, inapita juu ya mifugo na magari bila kupiga kelele. Alinivuta nje ya jengo, tukasimama kwenye kivuli cha ukuta.

"Wavinya, ukienda Kiserian kuuza mbuzi mgonjwa, unacheka?"

"Hapana, Mzee."

"Unakunja uso hivi?"

"Hapana. Nasema mbuzi ni mzima."

"Na unasema kama mtu anaamini?"

"Lazima niamini, kama sivyo nitarudi naye nyumbani."

"Sasa rudi ndani uuze hiyo mbuzi. Kucheka waachie wao."

Nikarudi. Nikamkatalia mpangaji maji kama mtu anayeamini kabisa kwamba dunia ingeharibika akiyapata. Kijana wa taa akacheka mpaka akaambiwa atoke. Sijapata somo jingine la uigizaji lililozidi hilo, ingawa baadaye nilipelekwa kwenye warsha kadhaa zenye chakula kizuri.

Kipindi cha kwanza kilipoonyeshwa, Mzee Koinet alinipa mbuzi jike. Nikamletea wa kwangu baada ya muda, na kuanzia hapo hatukuitana majina tena. Kwa Wamaasai, watu waliopeana mbuzi huitana *pakine*. Niliingia chumba cha kujipodoa nikimsalimia Kimaasai, "Supa, pakine," naye anajibu, "Ipa, pakine," na wageni walifikiri ni mazoezi.

Kuandika nilikuingia kwa hasira. Maandishi yalikuwa yakitoka kwa mwandishi mmoja mjini, mtu mwema, lakini Kiswahili chake kilivaa kanzu. Siku moja Mzee Koinet alisoma ukurasa wake, akaukunja, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Pakine, La Hasha ni nani? Ni mpangaji mpya?" Mimi nami nilikuwa na mstari unaosema, "Ewe mwenye nyumba, wanitendea ndivyo sivyo." Nilijaribu mara mbili. Mara ya tatu nikatupa karatasi, nikasema, "Landilodi, hii maji imeenda wapi? Ama imehama usiku kama yule fundi wa viatu?"

Bwana Gitau akasimamisha kamera. "Hiyo umetoa wapi?"

"Kwa laini ya maji, jana."

"Basi enda kwa hiyo laini uniletee ingine."

Nikaanza kuandika kwa nyenzo nilizokuwa nazo: ile karatasi ya kahawia ya kukatia mitindo, na chaki ya fundi. Nilitandaza karatasi sakafuni nikapiga magoti. Nilijua kipindi kimetosha kikifika urefu wa suruali ya mtu mzima. Kikiishia kwenye kaptura, niliongeza ugomvi. Vijana, mkitaka kujua watu wanavyozungumza, bebeni mtungi mtupu mkapange foleni ya maji. Hakuna atakayewauliza mnafanya nini pale, na hakuna atakayekatiza hadithi yake kwa sababu yenu. Na mkirudi kurekodi, jazeni ule mtungi matambara, kwa sababu mtungi mtupu ukigongwa unameza maneno yote.

Bwana Gitau alichoka na studio akaamua turekodi hapa hapa Kitengela, kwenye ploti ya kweli, yenye tanki la kweli la mabati, kubwa, limekaa chini na kutu upande mmoja. Upepo ulitusumbua, na pia punda wa kuuza maji aliyeitwa Meneja. Meneja alikuwa na desturi ya kulia katikati ya maneno yangu tu, hakuwahi kumkatiza Mzee Koinet. Baada ya kupoteza asubuhi kadhaa tukaamua kumwandika ndani. Nikisema jambo zito, punda analia, nami ninamgeukia na kumwambia, "Wewe ulishapata yako." Aliacha kulia siku ile ile tuliyomhitaji, kama waigizaji wengine niliowahi kufanya kazi nao.

Tulianza kujulikana bila kujua. Nilienda Namanga kununua shanga za harusi ya mpwa wangu. Mama mmoja muuza shanga akanitazama, akafunika vitu vyake kwa leso.

"Wewe siuzii," akasema. "Mama wa watoto mapacha alikuomba maji wiki iliyopita ukamnyima. Nilikuona na macho yangu."

"Mama, ile ni mchezo. Tulikunywa chai pamoja baada ya hapo."

"Na mapacha walikunywa?"

Sikupata shanga. Nilipanda gari kurudi nyumbani nikiwa nimetukanwa vizuri, na sijawahi kuwa na furaha kama hiyo.

Miaka ikasonga hivyo mpaka kwenye elfu mbili na kidogo, ndipo nikaanza kuona kitu kwa Mzee Koinet. Alikuwa anachelewa. Vichekesho ni kama kurushiana mpira. Nikirusha, audake pale pale, na yeye alikuwa hodari kuliko wote. Sasa nilirusha, mpira unaanguka, kisha anauokota. Bwana Gitau alidhani ni uzee. Mimi nilidhani ni uchovu. Halafu nikamfuata Kiserian siku ya soko kumpelekea maandishi. Alikuwa amesimama katikati ya mbuzi, mgongo kwangu. Mtu akamwita kwa jina, mara nyingi, kutoka hatua chache nyuma yake. Hakugeuka. Mbuzi wake walipogeuka kutazama ni nani, ndipo naye akageuka.

Nilienda naye mpaka nyumbani kwake. Mkewe, Mama Naserian, akatuletea chai ya maziwa. Nikangoja ameze.

"Pakine, unanisikia vizuri siku hizi?"

Akatazama midomo yangu, kisha kikombe. "La kushoto liliondoka zamani," akasema, akigusa sikio. "La kulia liko, lakini linafunga duka."

"Mama Naserian anajua?"

"Nilijua alipoacha kulalamika juu ya nyimbo zangu," akasema Mama Naserian kutoka mlangoni. Mzee hakusikia, akaendelea kunywa chai.

Alikuwa ameenda hospitali mjini, akaambiwa hakuna dawa ya kurudisha kilichokwenda, na kile kifaa alichopewa kilimpigia makelele tu. Hakutaka mtu ajue. Hakunisihi, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu, kwa ile sauti yake ya soko iliyokuwa sasa inapanda juu kidogo bila yeye kujua, kwamba dalali asiyesikia bei ni mchungaji wa mbuzi wa watu, na mwigizaji asiyesikia mwenzake ni samani.

Nikarudi nyumbani nikatandaza karatasi ya kahawia. Musyoka akaniuliza kwa nini naandika kwa hasira. Nikamwambia sina hasira, natafuta njia.

Njia ilikuwa ni tanki. Niliandika kipindi kinachofuata ili landilodi, kila akija kwenye ploti, aegemee tanki, mtu mwoga anayetafuta ukuta wa kumkinga. Na Mama Tanki, kila akimaliza kusema, apige bati kwa ngumi: du, du, du. Pakine wangu hakuhitaji kusikia. Mgongo wake ulipotetemeka alijua zamu yake imefika, naye akadaka mpira angani kama zamani. Maneno yangu aliyasoma midomoni, na yale yasiyosomeka alikuwa ameyakariri pamoja na yake. Bwana Gitau alifurahi, akasema mzee amepona uchovu. Na watazamaji wakaipenda ile du du du kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Watoto walipiga madawati shuleni. Mhubiri mmoja aliipiga kwenye mimbari. Watu waliniuliza niliibuni vipi, nikawa nasema ilinijia tu.

Tulikwenda hivyo kwa miaka, sisi wawili na Mama Naserian tukiwa peke yetu tunaojua.

Kisha Bwana Gitau akastaafu, akaja Madam Njeri. Msifikiri nitamsema vibaya. Alikuwa kijana, mwerevu, aliyeipenda kazi, na alitaka kipindi kifanane na Kitengela ya wakati ule. Mji ulikuwa umebadilika. Ghorofa zilikuwa zimeota kila mahali, na matanki ya mabati yameondolewa. Akatuletea tanki jeusi la plastiki, likapandishwa juu ya nguzo za chuma. Lilipendeza. Lakini mtu hawezi kuegemea tanki lililo juu ya kichwa chake.

Siku ya kwanza na tanki jipya Mzee Koinet alisimama katikati ya ua bila mahali pa kuweka mgongo. Aliingia mapema, akachelewa, akajibu swali ambalo lilikuwa bado halijaulizwa. Waigizaji wachanga wakaanza kutazamana. Siku ya pili ikawa mbaya zaidi. Madam Njeri aliniita pembeni.

"Mama Wavinya, mzee amechoka. Tumwache aende kwa heshima. Mwandikie kifo kizuri."

"Kifo kizuri ni gani, Madam?"

"Cha kuchekesha. Lakini pia watu walie kidogo."

Siri haikuwa yangu kuitoa. Nikaenda Kiserian.

Nilimweleza Mzee Koinet yote nikiwa nimemkabili, mwanga usoni kwangu, polepole. Kisha nikamwambia wazo langu: tumwandike landilodi asiyesikia. Sikuwahi kumwona amekasirika mpaka siku hiyo.

"Unataka nchi nzima icheke masikio yangu?"

"Nataka ubaki kazini, pakine."

"Afadhali uniue kama yule msichana amesema. Mtu aliyekufa hachekwi." Akaingia kwenye zizi lake, akawapa mbuzi uso na mimi mgongo. Mama Naserian akanisindikiza mpaka barabarani. Nilipofika nyumbani nilitandaza karatasi nijaribu kuandika kile kifo. Nilimwangusha kwenye ngazi, nikamwondoa. Nikampeleka Tanzania, nikamrudisha. Karatasi ikaisha.

Siku chache baadaye niko kwenye mashine yangu ya kushona, nikaona mtu mfupi amesimama mlangoni na fimbo yake. Hakusalimia. Alivuta kiti akakiweka mbele yangu, mahali angeuona mdomo wangu.

"Mtu hasikii, hiyo ni huzuni," akasema. "Hakuna mtu atacheka, na akicheka nitamchapa. Lakini mtu anasikia vibaya, na anabisha? Mama Tanki aseme 'maji imekatika,' landilodi aseme, 'Nani amepatikana?' Hiyo ni kitu."

Nikaweka mkasi chini. "Endelea."

"Na wapangaji wakijua hasikii, watasema mambo yao yote mbele yake. Watapanga kuvunja kufuli yeye amekaa hapo anakunywa chai. Watamtukana wakimtabasamia." Akanyoosha fimbo kwangu. "Lakini wao hawajui kitu moja. Yeye anasoma mdomo."

Tulifanya biashara mpaka giza likataka kuingia, na alivutana nami kama mtu wa Kiserian. Alitaka landilodi asionekane mjinga hata mara moja. Nikakubali. Alitaka Meneja arudishwe. Nikamwambia Meneja amezeeka, akasema hata yeye. Na alitaka amwambie Madam Njeri mwenyewe.

Alimwambia kesho yake, mbele yangu. Madam Njeri alisikiliza mkono mdomoni. Mkono ukiwa bado pale akauliza, "Kwa nini hukuniambia, Mzee?" Lakini kwa sababu ya ule mkono, Mzee Koinet alinigeukia.

"Amesema nini?"

"Anauliza kwa nini hukumwambia."

"Mwambie sikusikia akiuliza."

Madam Njeri alicheka huku anafuta macho, na ile habari ya kifo ikafia hapo.

Wakati huo kituo kilikuwa kimepanga turekodi kipindi kimoja hadharani mjini Kajiado, uwanjani, watu waje watazame bure. Madam Njeri akaamua kiwe hicho hicho. Nilimwambia ni hatari. Mzee Koinet akasema sokoni hakukuwahi kuwa na pazia.

Watu walijaa. Wazee walikaa mbele na fimbo zao, akina mama na watoto mgongoni, wanafunzi juu ya ukuta, watu wa ofisi waliosema wamepita tu. Mwanzo ulienda vizuri. Landilodi alisikia vibaya, akabisha, uwanja ukacheka. Kisha tukafika mahali penyewe: landilodi amekaa kwenye kiti na chai yake, wapangaji wanapanga wizi wa maji mbele ya uso wake, na Mama Tanki, ambaye sasa amejiunga nao, anawaonyesha ufunguo. Mzee Koinet alitakiwa ayasome maneno yangu, aweke kikombe chini, na ayarudie yote neno kwa neno.

Nikasema maneno yangu. Hakuweka kikombe chini.

Nikatazama macho yake, ameyafinya. Ndipo nikaelewa. Tulikuwa tumefanya mazoezi asubuhi, na sasa jua lilikuwa limehama. Lilikuwa nyuma yangu. Kwake mimi nilikuwa kivuli kitupu chenye kilemba. Maneno yangu aliyakariri, ndiyo, lakini hakuweza kujua nimefika wapi, wala kama nimemaliza. Nikarudia mstari. Hakuna kitu. Uwanja ulianza kunyamaza, kile kimya ambacho kila mwigizaji anakijua, na mzee mmoja wa mstari wa mbele akaacha kutafuna kijiti chake. Nilimwona Madam Njeri kando ya kamera ameinua mkono asimamishe.

Mzee Koinet akasimama. Akaja mpaka nilipo, taratibu, kama landilodi na pia kama mtu. Akanishika mabega tukazunguka pamoja, nusu mduara, mpaka jua likanipiga usoni. Kisha akanishika kidevu kama mtu anayekagua mbuzi sokoni.

"Fungua nione meno," akasema.

Uwanja ukapasuka. Wazee walipiga fimbo chini. Wafugaji wote pale walijua hasa anachofanya, na mimi nikafungua mdomo, nifanye nini, akachungulia ndani kushoto na kulia, akaridhika.

"Sasa sema tena. Ile ya ufunguo."

Nikasema tena. Safari hii sikuwa na haja ya kuigiza aibu. Akarudia maneno yangu yote, moja moja, na ya wapangaji, na matusi yao, akimwelekezea kila mmoja fimbo. Alipomaliza akasema kitu ambacho sikukiandika mimi.

"Mimi sisikii, Mama Tanki. Ni kweli, hata nikitoka hapa sisikii. Lakini usifikiri sipo."

Hakuna aliyecheka kwa hilo. Halafu walipiga makofi, wakasimama, wakapiga tena, naye akaangalia mikono yao.

Baada ya kurekodi nilimtafuta ili nimkumbatie, nikakuta nimechelewa. Alikuwa amezungukwa na wazee. Mmoja alikuwa anamwambia, mkono nyuma ya sikio, "Hata mimi, hata mimi." Mwingine aliletwa na binti yake kwa nguvu. Mzee Koinet alikuwa anawafundisha: kaa jua likiwa nyuma yako, kaa ukutani, usikubali mtu akuongeleshe akitafuna. Na mwenye nafasi, akawaambia, aoe mwanamke mwenye mdomo mkubwa. Nilirudi garini.

Alibaki kazini miaka mingine, na ile ilikuwa miaka yetu bora. Aliondoka siku aliyotaka mwenyewe, akisema mbuzi wanamwita na kwamba hao anawasikia. Akahamia Mashuuru, alikozaliwa. Mimi nikaendelea na landilodi mwingine, kijana mrefu, mwenye masikio mazuri ambayo hakuyatumia sana.

Mwezi uliopita, nikiwa nimestaafu na sina pa kukimbilia, nikaenda Mashuuru. Sasa hasikii kabisa, hata radi. Mama Naserian alituwekea viti uani. Tulipomaliza habari za watoto na mvua, Mzee akaniambia, "Pakine, ninyime maji."

"Sasa hivi?"

"Ninyime. Sijagombana na mtu vizuri tangu nije huku."

Nikasimama, nikajifunga leso. Nilifikiria kupaza sauti, nikaona ya nini, nikaigiza kwa mdomo tu bila sauti. Nikamnyima maji, nikamtukania nyumba zake, mabati yake, na wapangaji wake. Yeye akajibu kwa sauti, kubwa kweli kweli, kwa sababu hana tena namna ya kuipima. "Huwezi! Hii ni nyumba yangu! Leta ufunguo, wewe mwizi!" Kuku walikimbia. Tulikuwa tumenoga.

Jirani akatokea mbio kwenye ua, rungu mkononi, mkewe nyuma yake. Walikuwa wamemsikia Mzee akimpigia mtu kelele, na huyo mtu hajibu hata neno, wakadhani amevamiwa. Wakasimama. Wakanitazama mimi na leso yangu, wakamtazama Mzee aliyekuwa amenyoosha fimbo hewani. Jirani akateremsha rungu.

"Kumbe ni wewe wa televisheni," akasema.

"Ni mimi."

Mkewe alikuwa tayari ameshavuta gogo, ameketi, ameweka mikono magotini.

"Haya, anzeni tena," akasema. "Sisi tumekosa mwanzo."

Mama Naserian akamgusa Mzee begani, akamwonyesha wageni. Mzee akajinyoosha, akarudi kwenye kiti chake, akanyanyua kikombe kitupu kama kilichojaa chai. Nami nikatoka nje ya ua ili niingie upya.